Kope Isipofunga, Hiyo Si Habari ya Urembo Tena

Katikati ya mwaka 2025 chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS, kilitoa hesabu zake za mwaka 2024. Aliyezoea kuona upasuaji wa kunyonya mafuta ukiongoza alikuta jina jingine juu ya orodha: upasuaji wa kope, zaidi ya mara milioni 2.1 kwa mwaka mmoja duniani kote. Habari hiyo ilipofika kwenye simu zetu huku Kanda ya Ziwa, wapo waliocheka wakasema hayo ni mambo ya Wakorea wa kwenye tamthilia. Wapo waliokasirika, wakauliza mtu mzima na akili zake anakatwa kope ili iweje. Swali lililonijia mimi halikuwa la kuchekesha wala la kukasirisha: kati ya kope hizo zote, ngapi zitarudi kwenye meza ya upasuaji? Kila upasuaji una wanaorudi. Wanaorudi kwa ajili ya kope huku kwetu tumewapa jina moja tu, wapenda uzuri waliokomeshwa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mtu anayerudi kwa daktari kwa sababu kope iliyopasuliwa imeharibika, mara nyingi ameshatoka kwenye duka la urembo na kuingia kwenye wodi ya macho, hata kama yeye mwenyewe bado hajajua. Tukimpima kwa kipimo kile kile cha aliyekwenda kutafuta uzuri tunakosea mara mbili: tunamchelewesha kutibiwa, na tunaiacha biashara iliyomfikisha hapo ikiendelea bila kuulizwa chochote.

Tuanze na neno lenyewe, maana nadhani lina mchango wake katika kutuchanganya. Kiswahili kinaita kope ile ngozi inayofunika jicho, na kinaita kope zile nywele zilizopangwa ukingoni mwake. Ukisema Mwanza kwamba fulani ametengeneza kope, wengi watafikiria saluni ya Makoroboi au ya Kirumba, dada kajilaza, mwenzake kamwinamia na kibano na gundi. Ni kope za namna hiyo zilizomfanya aliyekuwa Spika Job Ndugai, Septemba 2018, awazuie wabunge wanawake kuingia bungeni wakiwa wamezibandika. Mjadala ule ulituachia mazoea: kope ni pambo, linawekwa na kubanduliwa, na anayelalamika kuumia ni wa kuambiwa aache. Mazoea hayo tumeyahamishia kwenye upasuaji, na huko hayafai hata kidogo. Gundi hubanduka. Ngozi iliyokatwa ikatupwa kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji hairudi.

Hata asili ya fani hii haikuwa pambo. Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad aliyeishi karne ya 10 na ya 11, aliandika namna ya kupunguza ngozi ya kope iliyozidi mpaka ikalielemea jicho. Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alipoupa upasuaji huu jina lake la kitabibu mwaka 1818, alikuwa akizungumzia kuijenga upya kope iliyoharibiwa na saratani. Na yule daktari wa Kijapani, Mikamo, aliyeandika mwaka 1896 juu ya kutengeneza mkunjo wa kope, mgonjwa wake alikuwa mwanamke mwenye mkunjo kwenye jicho moja na jingine hana. Mikamo alitumia nyuzi tu, hakukata ngozi. Kukarabati kulitangulia, kupendezesha kukafuata. Na leo anayerudi kukarabatiwa ndiye anayeonekana kituko.

Kwa nini nasisitiza kwamba ni suala la macho? Kwa sababu ya kazi ya kope. Ngozi yake ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, nusu milimita hivi. Chini yake upo msuli wa kufunga jicho, yapo mafuta, na upo msuli mwingine wa kuinua. Tunapepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Kwa saa 16 za kuwa macho hiyo ni zaidi ya mara 14,000 kwa siku, na kila pepeso husambaza machozi juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho ambacho hakina mishipa ya damu na huishi kwa unyevu huo. Mtu aliyewahi kuanika dagaa Igombe hahitaji kuelezwa upepo wa ziwa unafanya nini kwa kitu kibichi kilichoachwa wazi. Jicho lisilofunga usiku kucha, mwezi baada ya mwezi, hukauka, huchubuka, hupata kidonda, na kidonda cha konea kikipona huacha kovu jeupe mahali ambapo mwanga ulipaswa kupita.

Ndiyo maana madaktari hufundishwa kanuni moja kavu: baada ya kukata, zibaki angalau milimita 20 za ngozi kati ya ukingo wa chini wa nyusi na mstari wa nywele za kope. Milimita 20 ni kama upana wa kidole gumba. Ukivuka hapo, jicho huenda lisifunge. Mafundi cherehani wetu wanaoshona sare za shule Januari huacha akiba ya kitambaa ndani ya pindo kwa kuwa wanajua mtoto atarefuka na mzazi atarudi. Kope haina pindo la akiba. Aliyekatwa kidogo anaweza kuongezewa, na kazi ikawa nyepesi. Aliyekatwa kupita kiasi anahitaji ngozi itoke mahali pengine, nyuma ya sikio kwa kawaida, au kwenye kope nyingine kama ina ziada, ipandikizwe, ishike, na hata ikishika haitafanana kabisa na ya mwanzo. Wanaosema 'si arudi tu wamrekebishie' wanafikiria kitambaa.

Malalamiko ya wanaorudi hayana uzito mmoja, na hapa ndipo wachambuzi wengi wa vijiweni wanapoteleza. Yapo ya sura tu. Mkunjo wa jicho la kulia umekaa juu kidogo kuliko wa kushoto, mshono unaonekana pembeni, uso umechongoka kwa sababu mafuta yametolewa mengi mno na jicho limezama. Hayo yanauma, lakini hayapofushi. Kati ya hayo naiweka hofu yetu ya kovu la kuvimba, keloidi, ambayo kwa masikio na kifua cha mtu mweusi ina msingi, ila kwenye kope ni nadra. Wengi hutishwa kwa jambo hilo na kuachwa bila kutahadharishwa na lile la kufunga jicho, ambalo ndilo la kutisha.

Kundi la pili linanivutia zaidi kwa sababu ndani yake upasuaji wenyewe unaweza kuwa ulifanywa vizuri, ila ulifanywa kwa tatizo lisilokuwepo. Jicho linaloonekana la usingizi linaweza kuwa na ngozi iliyolegea. Linaweza pia kuwa na msuli wa kuinua uliochoka au kuachia, na ngozi haina kosa lolote. Linaweza kuwa na nyusi zilizoshuka zikaisukuma kope chini. Linaweza kuwa jicho zima kabisa, ila lile la pili limetokeza kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, na kwa kulinganisha lile zima likaonekana limelala. Daktari asiyetenganisha haya hukata ngozi, kwa kuwa kukata ngozi ndiko anakokujua. Mgonjwa anarudi: jicho bado limelala. Anakatwa tena. Mwisho wake ni jicho lisilofunguka vizuri kwa sababu msuli haukuguswa, na lisilofunga vizuri kwa sababu ngozi imekwisha. Mwenye ugonjwa wa tezi ana utaratibu wake kabisa: ugonjwa utulizwe kwanza, na pale panapohitajika kupunguza msukumo nyuma ya jicho au kunyoosha misuli inayolielekeza, hayo yatangulie, kope huja mwisho.

Halafu ipo kope ya chini. Hii huvutwa na kovu ikashuka, weupe wa jicho ukaonekana chini ya mboni, au ikageuka nje kama mdomo wa mtungi, machozi yakawa yanatiririka shavuni badala ya kuingia kwenye tundu lake karibu na pua. Huwapata zaidi wenye umri mkubwa, ambao kope zao zimeshalegea. Daktari makini huivuta kope hiyo kwa kidole kabla ya kisu na kuiachia, aone inarudi upesi au inazubaa. Ni kipimo cha sekunde tatu, hakina mashine, na kutokukifanya kumewarudisha wengi mezani. La dharura ni damu kuvuja nyuma ya jicho, saa chache au siku moja baada ya upasuaji: maumivu makali, jicho kutokeza, kuona kupungua. Hilo ni nadra sana, ila likitokea mshono hufunguliwa palepale. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke.

Nina jirani mmoja, mama mwenye wajukuu, aliyekwenda mkoa mwingine kufanyiwa kope za juu kwenye kliniki ambayo sitaitaja. Alirudi na furaha. Miezi miwili baadaye mjukuu wake akamuuliza, "Bibi, mbona unalala huku unatuangalia?" Ndivyo familia ilivyojua. Yeye alikuwa ameshazoea kuamka macho mekundu kama aliyekesha kwenye moshi wa kubanika sangara, akisingizia vumbi. Alipopiga simu kliniki, aliambiwa asubiri, kope itazoea. Alipowaeleza wenzake wa jumuiya, aliambiwa amekipata alichokitafuta. Akanyamaza miezi mingine minne. Nimemleta hapa kwa sababu moja: kauli ya kliniki ilikuwa nusu kweli, ya wenzake haikuwa na kweli yoyote, na hiyo ya wenzake ndiyo iliyomchelewesha zaidi.

Nasema nusu kweli kwa sababu kusubiri ni sehemu halali ya marekebisho. Kovu la kope huanza gumu na jekundu, kisha hulainika. Uvimbe hutoka upande mmoja kabla ya mwingine, na tofauti iliyomliza mtu mwezi wa pili inaweza kutoweka mwezi wa tano. Madaktari wengi huagiza kungoja miezi 6 hadi 12 kabla ya kurudia, na anayelazimisha kurudiwa mapema anaingiza kisu kwenye nyama iliyokasirika na kujitengenezea kovu juu ya kovu. Mgonjwa anayehama daktari kwa sababu wa kwanza amekataa kumpasua mwezi wa tatu, aghalabu anahama kutoka kwa daktari mzuri kwenda kwa anayetaka hela. Lakini kusubiri huku kuna masharti. Jicho lipimwe: linafunga kiasi gani, machozi yanatosha, konea imechubuka? Mgonjwa apewe machozi ya bandia mchana, mafuta ya macho usiku, aonyeshwe namna ya kuifunga kope kwa plasta anapolala, na namna ya kuichua taratibu. Konea ikianza kuwa na kidonda, kalenda ya miezi 6 inafutwa. Wapo wanaobahatika kwa maumbile, ambao jicho lao hugeukia juu wanapofumba na konea ikajificha chini ya kope hata kama kuna mwanya. Wengine hawana bahati hiyo, na kwa simu huwezi kujua nani ni nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona limesahaulika kabisa katika mjadala huu. Tanzania ina uzoefu mrefu wa upasuaji wa kope na wa marudio yake. Haukutoka kwenye urembo, ulitoka kwenye vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Watu wa Kongwa, Dodoma, hawahitaji kufundishwa: trakoma ikimrudia mtoto mara kwa mara huacha makovu ndani ya kope, ukubwani kope hujikunja kwa ndani, na nywele zake huwa brashi inayoikwangua konea kila anapopepesa. Bibi zetu walibeba vibano vya kuzing'olea. Upasuaji wake huigeuza kope itazame nje, hufanyika hata vijijini, mara nyingi na wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo moja, na ndio nguzo ya kwanza kati ya nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira.

Hata baada ya upasuaji huo, tatizo hurudi. Kwa tafiti nyingi, kwa takriban mtu mmoja kati ya watano nywele huanza kukwangua tena ndani ya mwaka mmoja, na wapo wanaogeuzwa kupita kiasi, kope ikabaki imebinuka nje. Tazama jinsi wahusika walivyolichukulia. Hawakumwambia mama wa Kongwa kwamba amekoma. Walihesabu waliorudi, wakahesabu kwa kila mpasuaji, wakatengeneza vichwa vya bandia vya kujifunzia kabla ya kumgusa binadamu, wakaweka utaratibu wa kumwona mgonjwa tena kati ya miezi 3 na 6. Utafiti uliofanyika Ethiopia ulionyesha kwamba dozi moja ya azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, baada ya upasuaji hupunguza marudio kwa theluthi moja hivi. Jambo hilo lisingejulikana kama marudio yangekuwa aibu ya kufichwa. Ni kope zile zile, ngozi ile ile, kisu kile kile. Tofauti ni kwamba kwenye vikope kufeli kuna daftari, na kwenye urembo kufeli kuna kunong'onezana.

Wanaopinga nawajua, na baadhi yao wana hoja. Hoja nzito ni ya foleni. Hospitali ya Bugando, tangu ilipofunguliwa mwaka 1971 pale mlimani, ndiyo tegemeo la rufaa la mikoa ya ziwa. Sekou Toure nayo ina mzigo wake. Mtoto wa jicho ndiye anayepofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani, na mzee wa Ukerewe aliyepanda meli kuja kuondolewa mtoto wa jicho ana haki ya kuuliza kwa nini kitanda chake kichukuliwe na mtu aliyelipa mamilioni kwingine ili apendeze. Hoja hiyo siidharau. Jibu langu ni kwamba isitupeleke kwenye swali la nani alijitakia. Itupeleke kwenye swali la kitabibu: jicho linafunga au halifungi? Kama linafunga, konea ni nzima, na kilichobaki ni mkunjo usiopendeza, mzee wa Ukerewe atangulie na mwenye mkunjo ajilipie, tena mifuko ya bima kwa kawaida haigharamii urembo na sioni sababu ya kuilazimisha. Kama halifungi, huyo ni mgonjwa wa konea anayengoja kupofuka, na foleni yake ni ile ile ya mzee wa Ukerewe. Konea haijui ankara ya kwanza ililipwa wapi. Bima nazo zitahitaji kulisema hili waziwazi katika masharti yao, sasa kwa kuwa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023: neno 'urembo' lisiwe mlango wa kumfungia nje mtu ambaye tatizo lake limeshavuka huko.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa zaidi, kwamba alijitakia mwenyewe. Huambatana na methali, ukitaka uzuri sharti udhurike, inayotamkwa kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Kila siku Bugando inapokea vijana waliovunjika miguu kwa bodaboda bila kofia ngumu, tena wamepakia mishikaki. Hakuna muuguzi anayewauliza nani aliwatuma kabla ya kuwafunga plasta gumu. Tunamtibu mvutaji sigara, tunamtibu mlevi aliyetumbukia mtaroni Mabatini. Iweje huruma iishie kwenye kope ya mwanamke? Nadhani jibu tunalijua, halihusu afya wala foleni. Na methali yenyewe wanaitumia kinyume: inamwonya anayekwenda, haimnyimi dawa aliyerudi.

Wapo pia wanaosema Mwafrika hana haja na upasuaji huu toka mwanzo. Nikiri kwamba sipendi tangazo linalomwambia binti wa miaka 22 mwenye macho mazuri kwamba yana kasoro. Lakini anayekwenda si binti huyo peke yake. Kuna dereva wa miaka 58 ambaye ngozi ya juu imemshukia mpaka haoni taa za barabarani bila kuinua uso, na kuna mzee anayesoma gazeti huku ameinua nyusi kwa kidole. Kuanguka kwa kope hakuchagui kabila. Hoja ya kupiga marufuku nayo naiona fupi: saluni hazikufungwa baada ya 2018, kope za bandia ziko kila duka la vipodozi. Kisu kikipigwa marufuku kitahamia chumba cha nyuma, ambako hakuna wa kumpigia simu damu ikivuja.

Swali gumu kidogo ni kama mtu arudi kwa yule yule aliyemfanyia au aende kwingine. Nimesikia ikisemwa kwa uhakika mkubwa pande zote mbili. Aliyekufanyia ana picha zako za kabla, anajua alikata kiasi gani na mafuta ya wapi aliyagusa, na kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Daktari anayekiri kwamba mkono wake haukufika ni wa thamani. Lakini ujuzi wa kukata ngozi iliyozidi haufanani na ujuzi wa kurudisha ngozi iliyopungua. Ule wa pili unahitaji mtu anayejua kupandikiza ngozi, kukaza pembe ya kope, kuinua au kushusha msuli, na kuilinda konea wakati wote huo. Kwa maneno mengine, daktari bingwa wa macho au wa upasuaji rekebishi aliyejikita kwenye kope. Wa namna hiyo ni wachache nchini, na wengi wako Dar es Salaam au wamepitia hospitali ya KCMC, Moshi. Ninachopendekeza ni kurudi kwa wa kwanza kuchukua taarifa, na kwenda kwa wa pili kuchukua maoni, kabla ya kuamua nani ashike kisu.

Hapo kwenye kuchukua taarifa ndipo mambo yanapokwama. Watu wetu wanakwenda mbali: Dar es Salaam, ambako hospitali ya Mloganzila imekuwa ikitangaza upasuaji wa kurekebisha maumbile, India, Uturuki. Wanarudi Mwanza na risiti. Daktari wa huku anafunua kope asijue ndani kulifanyika nini, anapasua kama anayechimba kisima gizani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake, na taarifa ya upasuaji ni yake kuliko yoyote. Aidai kabla ya kulipa salio: nini kilikatwa, milimita ngapi zilibaki, picha za kabla na za baada. Kliniki ikikataa, Baraza la Madaktari Tanganyika lipo kwa kusikiliza malalamiko dhidi ya madaktari linaowasajili, ingawa nani kati yetu amewahi kupeleka lalamiko la kope huko?

Jambo moja nitalipitia haraka kwa kuwa nimeliona mno mitaani. Wanaotumia mkorogo wenye steroidi usoni wamwambie daktari bila kuona haya. Steroidi huifanya ngozi iliyokuwa nusu milimita kuwa nyembamba zaidi na jeraha kuchelewa kupona, na ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho. Daktari asiyeuliza naye ajiulize.

Inayofuata kutoka kwenye haya yote ni kazi ya wauguzi wa mapokezi kuliko ya mawaziri. Mtu akija na kope iliyopasuliwa kwingine, maneno ya kwanza yawe, "Mama, fumba macho taratibu, kama unayelala," kisha mwanga wa tochi uangalie kama mwanya unabaki. Ukibaki, faili lake liende kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Hilo halihitaji bajeti. Linalohitaji msuli kidogo ni daftari. Kama wapasuaji wa vikope wanahesabiwa waliorudi, sioni sababu ya kliniki ya urembo yenye leseni kusamehewa. Iandike imepasua kope ngapi mwaka huu, wangapi walionwa tena baada ya miezi 6, wangapi walipasuliwa mara ya pili na kwa nini.

Jirani yangu alipandikizwa ngozi kutoka nyuma ya sikio mwaka uliofuata. Jicho la kulia linafunga. La kushoto linabakiza uzi mwembamba wa weupe, na bado hulala na mafuta ya macho. Siku hizi hunipigia simu kila anapoona bango jipya la kliniki, kutoka Nyegezi mpaka Igoma, na kunisomea lililoandikwa: bei, picha ya kabla, picha ya baada, namba ya simu. Namba ya waliorudi hajaiona bado. Kliniki ya kwanza itakayoibandika mlangoni, hata ikiwa kubwa, ndiyo nitakayompeleka ndugu yangu.